Uzito wa Furu

Nairobi,
9 Februari 1999

Anko Injinia,

Shikamoo.

Anwani yako nimepewa na Gladness. Nilikutana na binti yako Mwanza mwezi uliopita, akaniambia umerudi kuishi Sengerema na kwamba kifua kinakusumbua. Pole sana. Mimi ni Arjun, mtoto wa Pradip Solanki.

Naandika kwanza kuomba radhi. Ilipaswa aombe baba, lakini tangu tuhamie huku Nairobi hajataja Furu wala marehemu Elias Masalu hata mara moja. Mtu akiwasha redio na ikatajwa Mwanza, anatoka nje. Kwa hiyo naomba mimi. Ninyi wawili mlitengeneza Furu, gari la mbio la viti viwili, pale Mabatini, wakati watu wazima walisema haliwezi kutoka getini. Wewe ulishika chasisi na injini, baba akashika bodi ya faiba. Kazi yako ilikuwa safi. Bodi ya baba ndiyo iliyopasuka njia ya Magu, dereva wenu Elias akafa, na jina lako likachafuka kwa kosa lisilo lako. Nilikuwepo siku tulipopeleka gunia la mchele msibani kwa mjane wake, Paskazia, likamwagwa barabarani. Nilichukia watu wale kwa muda mrefu. Sasa nimekua, naona walikuwa na haki.

Jambo la pili ni la furaha. Nataka kuijenga Furu upya. Nakuomba michoro yako na baraka zako. Sitaki kuanza bila wewe.

Mwanao,
Arjun


Sengerema,
3 Machi 1999

Mwanangu Arjun,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na radhi yako nimeipokea. Mwambie baba yako simlaumu.

Kuhusu gari, sikiliza maneno ya mtu aliyekwisha kupita huko. Furu haikuuawa na ajali peke yake. Iliuawa na soko. Tulipoanza, mwaka tisini na mbili, milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na Mwanza kila mtu alikuwa na hela ya sangara. Wenye viwanda vya minofu walitaka kitu cha kuringia pale Capri Point, wanakokaa matajiri. Furu ya kwanza ilinunuliwa na mmoja wao, ya pili na mfanyabiashara wa pamba ambaye hakutosha ndani yake. Alilazimika kuendesha huku kichwa kikiwa juu ya kioo, na watu wa Kirumba wakimpigia makofi kila alikopita. Tuliuza saba. Lakini milango ile ile iliyotufungulia sisi iliwafungulia pia wenye kuleta magari yaliyotumika kutoka Dubai na Japani. Kwa bei ya Furu moja mtu alipata gari lenye milango minne, kiyoyozi na mahali pa kupakia magunia. Nani angekaa chini kama furu mwenyewe, yule samaki mdogo wa ziwani, tope likimrukia usoni?

Tumaini letu la mwisho lilikuwa oda ya Ulaya. Sasa hata minofu yenyewe nasikia inakataliwa huko. Usitie ujana wako kwenye kitu kilichokwisha kushindwa.

Michoro imeliwa na mchwa.

Wako,
Inj. N. Shimba (Mstaafu)


Nairobi,
24 Machi 1999

Anko Injinia,

Shikamoo. Umeniandikia kurasa mbili za soko na hujaandika hata mstari mmoja wa gari! Ningekuwa sikufahamu ningesema hulipendi.

Ya mchwa nimesikitika, lakini si kitu. Nimepata kizuri kuliko michoro. Kile kibanda chenu cha Mabatini hakijabomolewa. Mwenye nyumba alinifungulia, na ndani nimekuta chasisi mbili nzima za ile oda ya Ulaya, na kalibu za baba za kulazia faiba nyuma yake. Nimeondoa kutu, nimepaka rangi, nimezisafirisha. Kuna klabu huku ya watu wanaoshindana kila baada ya wiki chache, na wana daraja la magari mepesi. Yao ni mabati na majivuno. Furu itawapita kwenye kona wakiwa bado wanatafuta gia.

Usiwe na wasiwasi kuhusu bodi. Nimejifunza kwa kosa letu. Baba alilaza tabaka tatu za faiba. Mimi nimelaza sita, na mbele pale ilipopasuka nimeongeza nyingine.

Nikuambie kuhusu baba, maana wewe ulikuwa rafiki yake. Siku hizi anatengeneza matangi ya maji. Anayalaza faiba mpaka yanakuwa mazito kama jiwe la kusagia. Mteja akiuliza kwa nini bei ni kubwa hivi, anasema, "Halitapasuka." Mteja anasema, "Mzee, ni maji tu." Anajibu, "Halitapasuka." Mwaka huu ameuza manne. Hajui kilicho kwenye karakana ya rafiki yangu. Nataka alione gari likikimbia salama kwa macho yake, tarehe 12 Juni. Nitaliendesha mimi mwenyewe.

Mwanao,
Arjun


Sengerema,
20 Aprili 1999

Mwanangu Arjun,

Nilikuwa hospitali, ndiyo maana nimechelewa.

Nina ushauri mmoja wa kiufundi. Chini ya injini, kati ya mguu wa chasisi unaoshika gurudumu la mbele la kushoto na ule wa kulia, chomelea bomba la chuma la mraba, nene, litakaloifunga miguu hiyo pamoja. Lichomelewe na mtu anayejua kazi. Usiendeshe kabla ya hapo.

Ni tahadhari tu, kwa sababu ya umri wa chuma.

Wako,
Inj. N. Shimba (Mstaafu)


Nairobi,
8 Mei 1999

Anko,

Pole kwa hospitali. Nimefurahi kuona bado unapiga hesabu kitandani.

Lakini bomba hapana! Umesahau ulivyotufundisha? Ulikuwa ukishika bolti mkononi na kuuliza, "Hii inafanya kazi gani? Kama haina kazi, ishuke." Faiba yangu tayari imekula uzito mwingi, siwezi kuongeza chuma tena. Na nikuambie ukweli, sitaki kugusa chasisi yako. Kosa lilikuwa la upande wetu, tumelirekebisha upande wetu. Cha kwako nakiacha kama mkono wako ulivyokiacha. Ndiyo heshima niliyobaki nayo ya kukupa.

Tumeshaanza kuifunga injini. Omba Mungu upone uje kuona.

Mwanao,
Arjun


TELEGRAMU
Sengerema, 31 Mei 1999

SOLANKI NAIROBI
USIENDESHE FURU. KOSA NI LANGU SI LA BABA. BARUA INAFUATA. SHIMBA


Sengerema,
31 Mei 1999

Arjun,

Nimetuma telegramu asubuhi hii, na barua hii naiandika nikiwa nimekaa, kwa sababu nikilala pumzi inakatika. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba mwaka huu sitaumaliza. Ningependa kusema kifo ndicho kinachonifanya niandike. Sivyo. Daktari aliniambia mwezi wa tatu, na baada ya hapo bado nilikuandikia ile barua ya "umri wa chuma". Kinachonifanya niandike ni maneno yako kwamba hutagusa chasisi yangu kwa heshima.

Bomba nililokuambia uongeze si la kuongeza. Lilikuwepo. Michoro inalo, na michoro haikuliwa na mchwa. Iko chini ya kitanda changu na nimeifunga ndani ya bahasha hii. Magari saba yaliyouzwa yalikuwa nalo. Nililikata mimi bomba hilo katika chasisi tatu za oda ya Ulaya. Mbili unazo wewe. Moja ilimuua Elias.

Utauliza kwa nini. Ndege za minofu zilikuwa zinaondoka Mwanza zikiwa zimejaa. Rubani mmoja alikuwa na rafiki huko kwao aliyetaka Furu kumi na mbili, na zingesafiri kwa ndege hizo hizo, kwa sharti kwamba gari moja lisizidi uzito aliotaja, maana kila kilo ya gari ni kilo ya samaki inayobaki uwanjani. Nilimjibu mbele ya watu kwamba Furu iko chini ya hapo. Nilikuwa nimeshalitamka hilo hata kwa mwandishi wa gazeti. Kisha tukaipima kwenye mizani ya kiwanda cha samaki, wakala wa yule mnunuzi amesimama hapo, ikazidi. Wapakuzi wakacheka. Mmoja akasema, "Injinia, furu wako kameza sangara!" Wakala naye alicheka alipotafsiriwa, akasema atarudi wiki inayofuata kupima tena.

Jumapili hiyo wenzangu walipokuwa kanisani niliingia karakana peke yangu na msumeno. Nilijiambia bodi ya faiba itaishika miguu ya mbele isitanuke. Arjun, nilisomeshwa na taifa hili mpaka Uingereza. Nilijua faiba ile haiwezi. Baba yako aliwahi kuniuliza mapema kabisa, "Injinia, bodi yangu inabeba nini?" Nikamjibu, "Inabeba upepo tu." Ndiyo maana aliilaza nyembamba, kwa maagizo yangu, na kwa gari lenye bomba alifanya sawa kabisa. Nilipoliondoa sikumwambia. Kumwambia kungekuwa kukiri kwamba nilikosea hesabu mbele ya wapakuzi wa samaki. Hata tabaka zako sita hazitaishika miguu hiyo. Breki moja kali, itapasuka bila kutoa onyo.

Mizani ilikubali. Wakala akapeana mkono na mimi. Siku chache baadaye nilimtuma Elias akajaribu mwendo njia ya Magu.

Mabaki yaliletwa uani kwangu, nikasimamia yakatwe kuwa chuma chakavu. Kamati ya kuchunguza ajali ilipokaa kuniuliza, sikumsingizia Pradip. Nataka ujue jinsi nilivyofanya, maana hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Nilisema, "Mimi ni mtu wa chuma. Ya faiba aulizwe mwenyewe." Basi. Nilijua mji utamalizia sentensi yangu, na ukaimalizia. Mwaka ule neno gabacholi, tusi la kuwaita Wahindi, lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na Mhindi kupunja faiba lilikuwa jambo la kuaminika kabla hata ya kusemwa. Walirusha mawe getini kwenu. Baba yako alikuja kwangu akaniuliza, "Ndalahwa, ni faiba yangu kweli?" Nikatazama chini. Akadhani namwonea huruma.

Siku ya mchele nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa msiba. Nilikaa karibu na mlango, sahani mapajani, nikawaona mnaondoka.

Na mwezi wa tatu nikakuandikia, "Mwambie baba yako simlaumu."

Msomee barua hii. Msomee yote.

N. Shimba


Nairobi,
2 Julai 1999

Ndalahwa,

Hii ni Pradip. Kiswahili changu cha kuandika unakijua, vumilia.

Telegramu haikusema Solanki yupi, kwa hiyo nilifungua mimi. Ndiyo nilivyojua kuna gari. Arjun alicheka, akasema, "Mzee kachanganyikiwa kwa homa." Mimi sikucheka. Nilikwenda huko karakana, nikatoa magurudumu yote manne, nikayafungia chumbani kwangu. Mtoto alinitukana kwa Kigujarati, kitu hajawahi kufanya. Wiki mbili hatukusemezana. Mashindano yalipita. Halafu barua ikafika.

Aliisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Alipofika kwenye "Inabeba upepo tu" alinipa karatasi, nikasoma mwenyewe mpaka mwisho.

Nilikwenda kazini. Nikalaza tangi la maji tabaka tatu. Nilikuwa nimesahau tangi linavyokuwa jepesi, unalibingirisha kwa mkono mmoja. Nikakaa juu yake nikalia, fundi wangu akafikiri nimevuta gundi.

Ndalahwa, miaka minne kila asubuhi nimeamka nimemuua Elias. Yule alikuwa akinywa chai kwangu, anaiita chai ya kijiko kusimama kwa sababu ya sukari. Umenipa Elias huyo nimbebe, na ulijua si wangu. Sijui kama nakusamehe. Usiulize, nikijua nitakuambia.

Arjun amechomelea bomba. Amepima, imezidi. Anasema hakuna ndege ya kuipakia, basi izidi. Jumapili iliyopita alikimbia nayo, akamaliza wa tatu kutoka mwisho. Imeshika barabara vizuri. Mtu mmoja ameuliza bei.

Nina swali moja. Umeniandikia mimi. Umemwandikia mtoto wangu. Paskazia je?

Pradip


Sengerema,
1 Agosti 1999

Pradip,

Swali lako lilinikuta kitandani. Paskazia sikuwa nimemwambia. Nilitaka kufa kwanza, kisha Gladness ampelekee barua. Nakuambia hivyo ili usifikiri kwamba nilikuwa njiani kwenda kwake.

Juzi nilivuka na kivuko cha Kamanga, Gladness amenishika. Paskazia anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Tulimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua. Aliniamkia, "Shikamoo Baba Gladness, umekonda." Akaniletea ndoo nyingine nikae. Nikakataa, nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia bomba, mizani, Jumapili, na ile kauli yangu kwenye kamati. Alikuwa anaendelea kuchambua. Nilifikiri labda hanisikii kwa kelele za wapakiaji.

Nilipomaliza akauliza, "Mchele wa yule Mhindi ulimwagwa na nani?"

"Na vijana," nikasema.

"Vijana hawakujituma. Niliwatuma mimi." Akatupa kokoto aliyoitoa kwenye dagaa. "Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Karibu na mlango."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Uliongeza?"

Pradip, nimeulizwa maswali na maprofesa na kamati. Sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Nilikumbuka vizuri. Ilikuwa wali na nyama, na mama mmoja alipita na sufuria akaniambia, "Mwenyekiti, nguvu zinahitajika."

"Niliongeza," nikasema.

Hapo ndipo alipoinua macho, si kwangu, kwa Gladness. Akamwambia, "Mwanangu, mkalishe baba yako ataanguka." Nikakaa. Wateja wawili wakaja wakaondoka bila kuhudumiwa. Halafu akaanza kusema, na mimi nakuandikia kama alivyosema, maana alitaka niandike.

"Mwambie Pradip alete mchele wake. Gunia, kama lile. Nitaupika mwenyewe nyumbani kwangu, na waliomwaga nitawaita wote, wapo, wengine wana watoto sasa. Watakula mbele yake. Siwezi kumzika Elias mara ya pili, lakini ule msiba nilioufanya haukuwa mzuri. Nitaufanya tena."

Nikamwuliza kama na mimi niwepo.

"Uwepo," akasema. "Lakini kwangu hutakula. Utasimama mlangoni na birika, uwanawishe watu mikono."

Gladness alitaka kusema kitu, nikamzuia. Unajua kwetu kazi hiyo hupewa watoto wa nyumbani. Njia nzima ya kurudi mtoto wangu alikuwa analia, anasema ni kunidhalilisha, mzee kama mimi, mgonjwa. Mimi nilikuwa nahesabu kama nitaweza kulinyanyua birika. Jana nilijaribu na birika letu la nyumbani. Likijaa siwezi. Likiwa nusu naweza, ila maji yanamwagika.

Gladness anasema ataniwekea mkono chini ya birika, hakuna atakayeona. Nimemkatalia.

Sikuombi msamaha, umenikataza. Nakuomba haraka. Ukitumia basi unafika kwa siku mbili, na gunia linawekwa juu. Mwambie na Arjun aje. Yeye ndiye aliyebeba upande wa pili wa lile gunia la kwanza. Njooni mkono huu ukiwa bado unaweza kubeba nusu birika, na wewe Pradip utakuwa wa kwanza kunawa.

Ndalahwa